Ukikata Wanga, Chunga Chumvi

Siku mbili za kwanza bila wanga hupita vizuri, tena kwa furaha, maana asubuhi mizani imeshashuka. Siku ya tatu au ya nne mambo hugeuka. Kichwa kinagonga, magoti hayana nguvu, ukiinuka ghafla unaona kizunguzungu, ngazi chache tu moyo unakwenda mbio, na usiku wa manane msuli wa shavu la mguu unakaza mpaka unashtuka usingizini. Wengi hapo huona kwamba mlo wa keto haupatani na miili yao, wakarudi kwenye ugali. Wengine huambiwa ni sumu zinatoka, wavumilie tu. Hao wanaovumilia ndio wanaonitia wasiwasi.

Hakuna sumu inayotoka. Kinachotoka ni maji na chumvi, na vinatoka kwa njia ya mkojo. Ukielewa kwa nini, sehemu kubwa ya mateso ya wiki ya kwanza unaweza kuyazuia kwa sufuria ya supu na mafungu mawili ya mchicha. Utaelewa pia kwa nini jirani yako anayemeza dawa za presha hapaswi kukuiga.

Chumvi inavyopotea

Mtu akila ugali, wali, chapati au viazi, sukari hupanda katika damu na kongosho hutoa insulini. Kazi ya insulini inayojulikana na wengi ni kushusha sukari. Inayo nyingine isiyotajwa sana: huzihimiza figo zirudishe sodiamu kwenye damu badala ya kuiacha ipotee na mkojo. Mlo wa keto hushusha wanga hadi gramu 20 au 50 kwa siku, kiasi ambacho sahani moja iliyojaa wali hukivuka peke yake. Insulini inashuka, figo zinaacha kuizuia sodiamu, na sodiamu inapotoka huondoka na maji.

Wakati huohuo ini na misuli vinatumia akiba yao ya wanga, yaani glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufika gramu 400 hadi 500. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji, na akiba ikitumika maji yake nayo hutoka. Hizo kilo mbili tatu zinazopungua wiki ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni maji. Mafuta ya tumboni bado yapo. Ni vizuri mtu alijue hilo mapema, asije akadhani amefika nusu ya safari, na asikate tamaa kasi ikipungua wiki ya pili.

Baada ya sodiamu hufuata potasiamu. Mwili ukihisi sodiamu imepungua, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni. Homoni hii huokoa sodiamu, lakini kwa gharama ya potasiamu, ambayo sasa ndiyo inayotoka na mkojo. Ndiyo maana anayebanwa na misuli akakimbilia vidonge vya potasiamu mara nyingi hapati nafuu: chanzo cha kuvuja hajakigusa. Rudisha sodiamu kwanza, na potasiamu itatulia kwa urahisi zaidi. Magnesiamu nayo hupungua kwa sababu nyepesi tu. Maharage, unga wa dona, ulezi na ndizi, vyakula vilivyokuwa vikiileta mezani kila siku, vimeondolewa vyote kwa pamoja.

Madini haya, pamoja na kalsiamu na kloridi, ndiyo yanayoitwa elektroliti: chumvi zilizoyeyuka katika maji ya mwili na zenye chaji ya umeme. Neva hupeleka ujumbe kwa chumvi hizi, na misuli hukaza na kulegea kwa chumvi hizi. Moyo pia ni msuli, kwa hiyo jambo hili si la kubahatisha.

Mlo wenyewe haukuanza kama njia ya kupunguza unene. Mwaka 1921 Dkt. Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hutumika kwa watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza. Mtoto wa namna hiyo huwa na daktari, mtaalamu wa lishe na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Mtu mzima anayeanza mwenyewe nyumbani hana hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo sababu anahitaji maarifa zaidi.

Kiasi gani kinatosha

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha na ile iliyomo ndani ya vyakula. Potasiamu linashauri isipungue miligramu 3,510. Wataalamu wa vyakula visivyo na wanga, kama Dkt. Stephen Phinney na Profesa Jeff Volek wa Marekani, wanasema anayekula keto anahitaji sodiamu gramu 3 hadi 5, potasiamu gramu 3 hadi 4 na magnesiamu miligramu 300 hadi 500.

Kwenye potasiamu pande hizi mbili zinakubaliana. Kwenye chumvi zimeachana mbali, na sitaki kulificha hilo. Ushauri wa Shirika la Afya umetolewa kwa watu wote, na wengi wao wanakula wanga na insulini yao iko juu. Ushauri wa pili unamhusu mtu mwenye figo nzima na presha ya kawaida, ambaye kweli amekata wanga. Anayekula keto Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Ijumaa akashiba pilau, hayumo katika kundi hilo. Figo zake zimerudi kushika chumvi, na nyongeza yoyote inabaki mwilini.

Kwa maoni yangu njia ya busara ni hii. Kabla ya kuanza, pima presha. Ni kipimo cha dakika chache, kipo zahanati na kwenye maduka mengi ya dawa, na watu wengi wana presha ya juu bila kuhisi chochote. Ikiwa iko chini ya 140 kwa 90, huna ugonjwa wa figo wala moyo, na humezi dawa za kila siku, tia chumvi kwenye chakula kama kawaida mpaka kikolee, kisha ongeza kikombe kimoja cha supu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Nusu kijiko hicho kina takriban gramu 1 ya sodiamu. Pima presha tena mwisho wa kila wiki. Mwili ukishazoea na kizunguzungu kikiisha, punguza. Ikiwa kipimo chako ni 140 kwa 90 au zaidi, usianze na chumvi. Anza na daktari.

Dawa iko jikoni

Hapa kwetu mtu hana haja ya unga wa elektroliti wa kopo kutoka ng'ambo. Supu tunayo, na ya kila namna: mbuzi, kongoro, kuku wa kienyeji, kichwa cha changu, na ile ya pweza inayouzwa jioni mitaani kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Zanzibar. Lakini supu isiyotiwa chumvi, hata ichemke usiku kucha na mifupa yake, haina sodiamu ya kutosha. Inayofanya kazi hasa ni chumvi. Supu ni njia ya kuinywa bila kukereka, na limau humalizia. Ukitumia vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, kumbuka kwamba karibu nusu ya uzito wake ni chumvi tayari. Vihesabu, usiongeze chumvi juu yake kana kwamba havipo.

Chagua chumvi yenye madini joto. Watu hulipia bei kubwa chumvi ya rangi ya waridi kwa kuambiwa ina madini mengi, ilhali karibu yote ni kloridi ya sodiamu kama ile ya Uvinza au ya mashamba ya chumvi ya pwani, na mara nyingi haina madini joto yanayolinda tezi ya shingo. Magadi nayo yana sodiamu, lakini yasigeuzwe kuwa nyongeza ya kila siku. Hayana madini joto, na baadhi ya magadi ya kuokota ya ukanda wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa.

Kwa potasiamu, mfalme wa jiko letu ni mchicha. Gramu 100 za mchicha uliopikwa zina potasiamu takriban miligramu 640, na magnesiamu 55 juu yake, wakati wanga wake ni kama gramu 4 tu. Bakuli la gramu 200 linakupa zaidi ya theluthi moja ya mahitaji ya siku. Sharti ni moja, nalo huvunjwa katika nyumba nyingi: usiuchemshe kwa maji tele kisha ukayakamua na kuyamwaga. Potasiamu huyeyuka ndani ya maji hayo, na wewe umebaki na majani. Upike kwa maji yake yenyewe, au umalizie kwa tui la nazi ambalo nalo lina potasiamu, na mchuzi unaobaki uunywe. Matembele yafuate njia hiyohiyo.

Parachichi linakuja nyuma ya mchicha kwa miligramu 485 hivi katika kila gramu 100, na wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi zisizopandisha sukari, zinazosaidia pia choo kigumu cha siku za mwanzo. Samaki wengi wana miligramu 300 hadi 400 kwa gramu 100. Uyoga na nyanya huongeza kidogo kidogo. Ndizi, inayotajwa na kila mtu, ina miligramu 360 tu na wanga gramu 23. Kwa anayekula keto haifai hesabu yake.

Madafu ni ya kupimwa. Glasi ya mililita 240 ina potasiamu kama miligramu 600, kiasi kizuri sana, ila ina sukari gramu 6 hadi 9. Nusu glasi baada ya kutoka jasho jingi haimtoi mtu kwenye keto, lakini madafu mawili mazima yanaweza kula sehemu kubwa ya wanga wake wa siku. Na yasichukuliwe kuwa badala ya chumvi, kwa kuwa sodiamu yake ni ndogo.

Magnesiamu iko kwenye mbegu za maboga, zile tunazozitupa tunapokata boga. Zikaushe, zikaange bila mafuta, uzitafune na maganda yakiwa yameondolewa: gramu 30, kiganja kimoja tu, zina zaidi ya miligramu 160. Lozi zinafuata. Korosho nazo zina magnesiamu nyingi, lakini wanga wake unafika gramu 30 katika kila gramu 100, kwa hiyo ziwe za kuonja. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao hutoa kalsiamu. Ng'onda na papa mkavu wanakuja na chumvi yao. Siku ukiwapika, acha kuongeza ya kwako.

Tuseme mtu ameamka akala mayai mawili na nusu ya parachichi kubwa. Mchana akapata gramu 200 za samaki wa kupaka, bakuli la mchicha wa nazi na kachumbari ya nyanya. Alasiri kiganja cha mbegu za maboga, jioni kikombe cha supu ya mbuzi na vipande vyake vya nyama. Potasiamu yake imevuka miligramu 3,000 na magnesiamu 300, bila kidonge hata kimoja, na wanga wake bado uko chini. Linganisha na yule anayekula nyama choma na mayai asubuhi, mchana na jioni, bila jani hata moja la kijani. Huyo naye yuko kwenye keto, lakini misuli itambana mpaka achoke.

Maji na vinywaji

Ushauri wa kunywa lita nne za maji kila siku, upende usipende, umewaumiza watu. Aliyepoteza chumvi akajaza maji matupu huzidi kuizimua sodiamu iliyobaki katika damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka sana, kichwa huuma, tumbo hutibuka, akili huchanganyikiwa, na hali ikizidi mtu hupata degedege na kupoteza fahamu. Kunywa unapohisi kiu, na zaidi kidogo kukiwa na joto. Mkojo wa rangi ya njano hafifu unatosha. Ukiwa mweupe kama maji mchana kutwa, umepitiliza.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vina sukari nyingi na sodiamu kidogo. Viache. Dawa ya ORS ni jambo jingine. Pakiti ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, kwa lita moja ya maji, ina kloridi ya sodiamu gramu 2.6, kloridi ya potasiamu 1.5, sitrati ya sodiamu 2.9 na glukosi 13.5. Haikusudiwi kwa uchovu wa kila siku wa keto. Lakini ukiharisha au kutapika, inywe bila kujiuliza maswali ya wanga. Glukosi hiyo imewekwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayosaidia utumbo kuvuta sodiamu na maji. Keto itaanza upya baadaye.

Vidonge vya kununua

Vidonge vya potasiamu usinunue mwenyewe. Potasiamu ya kwenye chakula huingia polepole, na figo nzima huimudu. Ya vidonge inaweza kupanda ghafla, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hadi kuusimamisha. Kuna pia chumvi zilizopunguzwa sodiamu, ambazo sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. Soma pakiti. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2025 kwa watu wazima kwa jumla, likawatoa wenye figo dhaifu, wajawazito na watoto.

Magnesiamu ya vidonge ina nafasi yake kwa ambaye misuli inambana hata baada ya kurekebisha chumvi na mboga. Aina ya sitrati hufyonzwa vizuri kuliko oksidi. Isizidi miligramu 350 kwa siku; ikizidi, tumbo litaharisha, na kuharisha kutapoteza madini mengine. Usichanganye na vile vidonge vya bei nafuu vya kutafuna vya kiungulia vinavyoitwa magnesiamu dukani. Vile ni vya kutuliza asidi ya tumbo, mara nyingi vimechanganywa na alumini, na havikutengenezwa kwa kazi hii.

Wasiopaswa kuiga

Hapa naomba msomaji asome taratibu, hata kama yeye mwenyewe ni mzima, kwa sababu huenda atamshauri mama yake au mjomba wake.

Anayemeza dawa za presha za jamii ya enalapril, lisinopril, captopril au losartan, au spironolactone, mwili wake hushikilia potasiamu. Asiongeze vidonge wala chumvi ya potasiamu. Anayemeza furosemide au hydrochlorothiazide anapoteza sodiamu na potasiamu kwa dawa, na sasa atapoteza tena kwa mlo; anaweza kuanguka bafuni. Mara nyingi keto yenyewe hushusha presha, hivyo dozi ya zamani inageuka kuwa kubwa mno. Suluhisho si kuacha dawa kimyakimya wala kunywa chumvi ili presha ipande. Ni kurudi kliniki na vipimo vya wiki nzima vilivyoandikwa kwenye daftari, ili daktari apunguze yeye.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide, sukari yake inaweza kushuka mno siku ileile anayokata wanga. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin asianze keto kabisa bila daktari wake, kwa kuwa dawa hizo pamoja na mlo huu zinaweza kuijaza damu asidi ya ketoni huku kipimo cha sukari kikionyesha karibu kawaida, na mgonjwa akachelewa kufika hospitali. Wenye ugonjwa wa figo, wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, wajawazito na wanaonyonyesha wasijaribu peke yao.

Joto na mfungo

Lita moja ya jasho huondoka na sodiamu ya gramu 1 hivi, kwa wengine zaidi. Fundi wa ujenzi Dar es Salaam mwezi Februari, au ndugu yetu anayefanya kazi Muscat wakati wa kiangazi, hawezi kufuata kipimo cha mtu anayekaa ofisini. Kwenye Ramadhani, anayefuata keto ainywe supu yake yenye chumvi wakati wa daku pamoja na mboga, na afuturu kwa supu tena. Tende tatu kubwa zinaweza kubeba wanga wote wa siku, kwa hiyo anayetaka kufuata sunna ale moja tu. Na ambaye ndiyo kwanza anaanza keto, ningemshauri asubiri mwezi uishe. Kupoteza chumvi kwa wiki ya kwanza na kukaa bila maji kutwa nzima ni mzigo ambao mwili haukuomba.

Kwa wote wanaoanza, maumivu ya kichwa na uchovu mara nyingi hupungua ndani ya saa chache baada ya supu. Yasipopungua baada ya siku mbili tatu, acha kubahatisha na ukapime damu: sodiamu, potasiamu na kreatinini, yaani kipimo cha figo. Usisubiri hata hizo siku mbili ukizimia, moyo ukiruka mapigo, kifua kikiuma, miguu ikiishiwa nguvu kabisa, au ukitapika bila kukoma huku ukihema haraka na kwa kina na pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hizo ni dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo, na mweleze mhudumu tangu mwanzo kwamba unakula bila wanga.

Wachache hukumbushwa kuhusu kurudi. Siku unapoamua kuacha keto, au ukialikwa harusini ukala biriani na kuridhika, insulini hupanda na figo huanza tena kushika sodiamu. Kilo moja au mbili hurudi ndani ya siku chache, vidole vinabana pete, vifundo vya miguu vinaweza kuvimba kidogo. Ni maji yaleyale yaliyotoka wiki ya kwanza. Siku hiyohiyo ondoa kikombe cha supu ya chumvi, rudi kwenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, endelea na mchicha wako, na upime presha baada ya wiki.